"Sijui, Tumbo Tu": Mtoto Asiyejua Anavyohisi

 

Leo tuanze na mfano. Mtoto wa miaka 8 analalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Mama amempeleka kituo cha afya, amepimwa damu na choo, hana malaria wala minyoo. Ukimuuliza, "Una nini?" anajibu, "Sijui, tumbo tu." Mama anaona huo ni ukaidi, anatafuta fimbo.

Ngoja kidogo, mama. Huenda mtoto anasema kweli. Ana hofu ya jambo fulani shuleni, lakini hajui kwamba ni hofu. Yeye anaisikia tumboni tu.

Wako watu wazima wa namna hiyo pia. Mwaka wa 1973, daktari wa magonjwa ya akili huko Boston, Marekani, Peter Sifneos, aliipa hali hiyo jina la aleksithimia, yaani kukosa maneno ya hisia. Si ugonjwa wala wazimu. Hukadiriwa kuwa mtu 1 hivi kati ya 10 anayo kwa kiasi kikubwa.

Watafiti wameona kwamba mara nyingi watu hao ni wenye wasiwasi mwingi na wasiopenda kujichanganya na wenzao. Lakini si kila mtu mkimya yuko hivyo. Shida hasa ni hii: asiyejua kama ana huzuni au hasira, ataitafutiaje njia? Wengine hukwepa mambo, wengine hulipuka kwa jambo dogo, wengine hukimbilia pombe. Na wengine huzunguka hospitali wakiumwa na kichwa au mgongo usioonekana na kasoro.

Basi mlezi afanye nini?

Kwanza, maumivu yapimwe. Usiseme ni mawazo kabla mtoto hajaonwa na mhudumu wa afya.

Pili, mpe mtoto maneno. Mwambie, "Naona umenuna. Ni hasira, au umeumia moyoni?" Mwache achague. Usimlazimishe.

Tatu, taja hisia zako mwenyewe. "Leo nimechoka na nina wasiwasi juu ya karo. Si wewe uliyenikosea." Mtoto hujifunza kwa kusikia.

Nne, usimwambie mvulana kwamba mwanamume halii. Ukimfunga mdomo leo, kesho atasema kwa ngumi.

Na wewe mama, hasa uliyejifungua karibuni: kama mwili ni mzito, usingizi umepotea na hujui una nini, mweleze muuguzi siku ya kliniki ya mtoto. Kama unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku hiyo. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huwezi kueleza usilolijua jina. Jioni hii, muulize mtoto wako: "Leo moyo wako ulikuwaje?" Kisha nyamaza, umsikilize.