Kikao cha Baraza na Usalama Wetu

Ndugu wananchi wa Arua, na ninyi majirani zetu mnaovuka mpaka wa Vurra kuja sokoni,

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Ajenda za baraza lake ni zilezile za kila mwaka: bajeti, usafi, ushuru wa soko, taa za barabarani, vituo vya bodaboda. Wengi huziachia madiwani. Sisi polisi tunazifuatilia kwa makini, kwa kuwa taa isiyotengewa fedha leo ni kichochoro ambacho mama muuza samaki atakipita gizani kesho. Ushuru usioeleweka nao huzaa ugomvi langoni mwa soko, na ugomvi huo huishia kituoni kwetu.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 212, inatutaka kulinda uhai na mali, na kushirikiana na mamlaka za kiraia pamoja na wananchi. Hata hivyo, bajeti ya taa hatuipangi sisi. Hupitishwa na baraza kabla ya mwaka wa fedha kuanza, 1 Julai.

Basi tunawaomba mambo mawili. Pelekeni kero zenu mapema kwa mwenyekiti wa LC1 na diwani wenu, mkitaja barabara na mahali penyewe. Na kila alipaye ushuru, awe wa hapa au wa ng'ambo ya mpaka, adai stakabadhi.