Sarufi ya Mtoto na Sarufi ya Mpagazi

Leo tunazungumzia sarufi, lakini usizime redio.

Mtegee sikio mtoto wa miaka miwili anayelelewa kwa Kiswahili. Akianguka, pengine hatasema "nimeanguka". Atasema "meanguka", au "anguka" basi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi, na kitabu chake cha mwaka 2005 kinaeleza jambo hilo: mtoto hudondosha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili. Huacha viambishi, ila ni nadra kuvipanga ovyo. Na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha.

Sasa mgeukie anayekuja kwenye Kiswahili na Kinyamwezi chake. Karne ya 19 wapagazi Wanyamwezi wa Unyanyembe walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na Kiswahili wakakiokota njiani wakiwa watu wazima, bila daftari. Leo ni mtoto wa darasa la kwanza kijijini. Huyu haachi viambishi, anavibadilisha. Mwalimu anangoja "kitoto kimelala", yeye anasema "katoto kamelala", na wakiwa wengi, "tutoto tumelala". Kinyamwezi kina ka- na tu- kwa vitu vidogo. Lakini angalia kazi aliyoifanya: ka- ya jina ameifikisha mpaka kwenye kitenzi, sawasawa kabisa. Upatanisho anao tangu nyumbani, kilichobaki ni kubadili kiambishi. Na tuseme kweli, "kajumba" na "kagari" siku hizi utavisikia hata Dar es Salaam.

Mwenye kibarua ni Mwingereza. Lugha yake haina ngeli, ndiyo maana "viti yangu" humtoka hata akiwa mwenyeji wa miaka mingi. Akienda kwenye Kihispania, chenye jinsia mbili tu za majina, bado husema "la problema" badala ya "el problema", kwa kuwa neno linaishia na a. Mtoto wa Madrid huzimudu jinsia hizo kabla ya kuanza shule.

Mwalimu unayenisikiliza, mwanafunzi akisema "katoto kamelala", usimcheke wala usimchape. Mwambie, "Ndiyo, kitoto kimelala," kisha muendelee na somo. Nanyi wazazi, semeni Kinyamwezi nyumbani bila woga, maana ngeli anazozipata mtoto kwenu ndizo anazoingia nazo darasani.