Mtafiti wa Mbwamwitu na Mbwa wa Wafugaji

Sisi wa Bujumbura mnyama wa porini tumzoeaye ni kiboko, maana usiku hutoka ziwani akaja kula nyasi karibu na nyumba zetu. Leo twende milima ya Bale, Ethiopia, zaidi ya mita 3,000 juu, kwa mbwamwitu mwekundu mwenye kifua cheupe. Hapatikani nchi nyingine yoyote, na waliokomaa hawafiki 500.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifika huko kijana kutoka Argentina, Claudio Sillero, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kutwa alikaa na darubini kwenye baridi kali, akiandika nani kazaa, nani kahama. Mbwamwitu huyu huwinda peke yake mchana, akinyemelea panya na fuko. Lakini ukoo mzima hulinda eneo lake pamoja na kulea watoto, ingawa kwa kawaida jike mmoja tu ndiye azaaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikaingia kichaa cha mbwa. Koo alizozifuatilia zikapukutika, zaidi ya nusu ya wanyama wakafa. Ugonjwa wenyewe haukuzaliwa porini. Ulipanda na mbwa wa wafugaji wapelekao ng'ombe malishoni. Mwaka 1995 Sillero akaanzisha mpango wa kuwahifadhi mbwamwitu hao, na sehemu kubwa ya kazi ikawa kuzunguka vijijini kuchanja mbwa wa watu. Shahada yote ile, halafu sindano na mbwa wa jirani! Mimi nasema hapo ndipo alipouelewa mlima.

Ugonjwa uliporudi mwaka 2003, kumkamata kila mbwamwitu ili achanjwe hakukuwezekana. Lakini bonde na bonde huunganishwa na mapito membamba. Wakachanjwa wanaoishi kwenye mapito hayo, ugonjwa ukakosa njia. Mwaka 2018 ikaanza chanjo ya kula, iliyofichwa ndani ya nyama ya mbuzi.

Kichaa hicho hicho huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Basi mwenye mbwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe. Na mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.