Mishale na Muda: Michoro ya Utegemezi wa Huduma katika Kuwaka kwa Kompyuta za Linux

Kompyuta inapowashwa, programu iliyohifadhiwa kwenye ubao mama hukagua vifaa na kukabidhi kazi kwa kipakizi, yaani programu ndogo inayoitafuta kerneli kwenye diski na kuiingiza kwenye kumbukumbu. Kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi, ikishavitambua vifaa huanzisha mchakato mmoja tu, uliopewa namba 1, na kuuachia mchakato huo yote yaliyobaki. Yaliyobaki si machache, kwa kuwa ni mchakato namba 1 unaosimamia kuunganishwa kwa diski, kuwashwa kwa mtandao na kuanzishwa kwa huduma, yaani programu zinazofanya kazi bila kuonekana kwenye skrini, kama vile hifadhidata, seva ya tovuti na usimamizi wa uchapishaji. Huduma hizo hutegemeana, na kutegemeana huko ndiko kunakozaa mpangilio. Mada hii inajadili namna mpangilio huo unavyoweza kuchorwa, na inatetea hoja moja: kwamba mchoro wa namna hii humfaa tu msomaji anayejua mshale unadai nini na mstari wa muda umepima nini, na asiyejua hayo hupotoshwa na mchoro kuliko ambavyo angepotoshwa na orodha ya kawaida.

Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu cha kuchora. Mifumo ya Linux iliyofuata desturi ya Unix System V ilianzisha huduma kwa skripti zilizopangwa kwa majina, kila moja ikiwa na kiungo kinachoanza na herufi S na tarakimu mbili, mathalani S20 au S80, nazo zikaendeshwa moja baada ya nyingine kwa kufuata namba. Namba hiyo ilionyesha zamu ya skripti lakini ilificha sababu ya zamu, hata msimamizi aliyetaka kuihamisha huduma kutoka 80 hadi 30 hakuwa na njia ya kujua atavunja nini isipokuwa kwa kujaribu. Mfumo wa NetBSD, katika toleo la 1.5 la mwaka 2000, ulichukua njia nyingine: kila skripti ilijitangazia yenyewe kinachotolewa nayo na kinachohitajiwa nayo, na programu iitwayo rcorder ikakokotoa mpangilio kutokana na matangazo hayo. Solaris 10 ya mwaka 2005 ilikuja na usimamizi wa huduma uliojengwa juu ya wazo hilohilo, na Debian 6 ya mwaka 2011 ikaufanya mpangilio wa kutegemeana kuwa wa kawaida kwa skripti zake za zamani. Lakini iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko zote ni systemd, programu inayoendeshwa kama mchakato namba 1, iliyotangazwa mwaka 2010 na Lennart Poettering pamoja na Kay Sievers, ikaingia Fedora 15 mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, kisha Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015. Mjadala wa iwapo ilistahili kuenea kiasi hicho haujafungwa, na si kazi ya mada hii kuufunga. Linalotosha hapa ni kwamba utegemezi sasa umeandikwa, na kilichoandikwa huchorwa.

Michoro ya muda ilitangulia michoro ya utegemezi. Mwaka 2004 Ziga Mahkovec alitengeneza Bootchart, programu iliyokusanya takwimu za michakato tangu mwanzo wa kuwaka na kuzichora kama mistari ya mlalo iliyopangwa juu ya mhimili wa sekunde, huku matumizi ya prosesa na diski yakionyeshwa juu yake. Michoro hiyo iliweka wazi jambo ambalo orodha za skripti hazikuweza kulionyesha, kwamba sehemu kubwa ya muda wa kuwaka haikuwa kazi bali kusubiri, kwani kulikuwa na vipindi ambavyo prosesa na diski zote zilikaa bure kwa sababu skripti moja ilikuwa imelala ikingoja kitu. Mwaka 2008 Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walionyesha, katika mkutano wa Linux Plumbers mjini Portland, kompyuta ndogo ya Eee PC iliyowaka kwa sekunde 5. Walifika huko kwa kuondoa kusubiri na kuacha kuanzisha visivyohitajika, si kwa kununua prosesa yenye nguvu zaidi.

Kinadharia, huduma na utegemezi wake huunda grafu elekezi, yaani mkusanyiko wa nodi zilizounganishwa kwa mishale, ambapo kila nodi ni huduma na kila mshale ni uhusiano. Iwapo grafu haina mzunguko, yaani hakuna njia ya kufuata mishale na kurejea pale ilipoanzia, basi upo angalau mpangilio mmoja unaoheshimu mishale yote, na utaratibu wa kuupata ulielezwa na Arthur Kahn mwaka 1962. Mara nyingi mipangilio inayofaa huwa mingi, na wingi huo ndio unaoruhusu huduma zisizohusiana kuanzishwa sambamba. Mzunguko ukiwepo, systemd huuvunja kwa kuiondoa kazi mojawapo isiyo ya lazima na kuandika katika kumbukumbu za matukio kwamba imekuta mzunguko wa mpangilio. Seva huwaka kana kwamba hakuna kasoro, ila huduma moja haipo. Kosa la namna hii ni baya kuliko seva iliyogoma kabisa, kwa sababu iliyogoma hushughulikiwa siku hiyohiyo.

Ugumu halisi uko katika maana ya mshale. Katika systemd kila huduma huelezwa na faili fupi la maandishi liitwalo yuniti, na ndani yake huwamo maagizo ambayo wengi huyachanganya. Agizo la Requires linasema kwamba yuniti hii ikianzishwa, ile iliyotajwa nayo lazima ianzishwe. Agizo la Wants linasema hivyohivyo kwa ulaini zaidi, kiasi kwamba kushindwa kwa ile iliyotajwa hakuizuii iliyoitaja. Agizo la After halianzishi chochote, kazi yake ni kusema tu kwamba zote mbili zikianzishwa, hii isubiri ile. Kumwalika mgeni shughulini ni jambo moja, na kumtajia saa ya kufika ni jambo jingine. Ichukuliwe programu ya tovuti ya chuo inayoweka data zake katika PostgreSQL, na yuniti yake ina Requires inayoitaja hifadhidata lakini haina After. Zote mbili huanzishwa kwa wakati mmoja. Programu hugonga mlango wa 5432 kabla hifadhidata haijaanza kusikiliza, hukataliwa, kisha hujifunga. Kwenye kompyuta ya mtayarishaji yenye diski ya kasi, hifadhidata hushinda mbio hizo na kosa halionekani. Kwenye seva kuukuu yenye diski ya kuzunguka, tovuti huamka leo na kesho haiamki, na lawama huangukia mtandao.

Hapo ndipo mchoro wa utegemezi unapoonyesha thamani yake. Amri ya systemd-analyze dot hutoa maelezo ya grafu katika lugha ya Graphviz, programu ya kuchora grafu iliyotokana na maabara za AT&T, na mishale hupewa rangi kulingana na maana: mweusi ni Requires, wa kijivu kilichokoza ni Wants, mwekundu ni mgongano wa huduma zisizoweza kukaa pamoja, na wa kijani ni After. Kwa programu ya chuo iliyotajwa, jicho lililozoea huona mara moja kwamba kati ya nodi mbili mshale mweusi upo na wa kijani haupo. Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, mshale hutoka kwa mtegemezi kwenda kwa mtegemewa, kwa hiyo mshale wa kijani huelekea kwa kile kilichotangulia, na anayeusoma kama mwendo wa wakati ataisoma grafu nzima kinyumenyume. Pili, grafu ya mfumo mzima haisomeki. Hata seva ya kawaida huwa na yuniti nyingi mno, na mchoro wake huwa msitu wa mistari unaofaa kupamba ukuta wa ofisi ya fundi. Amri hiyo hupokea jina la yuniti ili ichore jirani zake tu, na inaweza kuagizwa kuonyesha mpangilio peke yake au mahitaji peke yake, nayo ndiyo njia ya kuitumia.

Mchoro wa pili, unaotolewa na systemd-analyze plot, ni mrithi wa Bootchart: faili la picha ambamo kila yuniti ina mstari wake, sehemu nyekundu iliyokoza ikiwa muda wa kuanzishwa na sehemu iliyofifia ikiwa muda ambao huduma imekwisha kuwa tayari. Wengi huukimbilia mchoro huu, au orodha ya blame inayopanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu zaidi, na kuilaumu huduma ya kwanza. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Huduma inaweza kuonekana nzito kwa sababu tu ilikuwa ikiingoja nyingine, na huduma ya sekunde 20 isiyosubiriwa na yeyote haiongezi hata sekunde moja kwenye muda wa kuwaka. Zaidi ya hayo, yuniti ya aina ya simple huhesabiwa kuwa imeanza pale mchakato wake unapozaliwa, hata kama itahitaji dakika nzima kujiandaa, hivyo mstari wake huwa mfupi kwa udanganyifu na wanaoisubiri kwa After huruhusiwa kupita mapema. Aina ya notify, ambamo huduma yenyewe hutuma taarifa kwamba iko tayari, ndiyo inayochorwa kwa ukweli. Kwa swali la nini kinachelewesha, amri ya critical-chain ni bora kuliko blame, kwa kuwa hufuata mnyororo wa waliosubiriana tu, ikitaja baada ya alama ya @ wakati yuniti ilipoanza kufanya kazi na baada ya alama ya + muda iliouchukua kuanzishwa.

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki jambo hili hudhihirika umeme unaporudi baada ya kukatika. Seva, swichi na ruta huwaka kwa pamoja, na seva ikiitangulia ruta, yuniti inayosubiri mtandao ukamilike huweza kuizuia foleni nzima. Systemd-networkd-wait-online, kwa mfano, husubiri hadi sekunde 120 kabla ya kukata tamaa. Katika mchoro huonekana mstari mrefu mwekundu mmoja na chini yake kundi la huduma zilizoanza kwa mkupuo. Kuizima yuniti hiyo ni tiba ya haraka inayopendwa na wengi, lakini tiba sahihi huanza kwa kuuliza ni nani hasa aliyeitaka, kwani mara nyingi ni huduma moja iliyonakiliwa pamoja na yuniti yake kutoka mahali pengine, na ambayo ingeridhika kusikiliza kwenye anwani zote bila kungoja ruta.

Wasomaji wanaosimamia seva wanahimizwa kutoa mchoro wa muda siku seva inapokamilika kusanidiwa, kwa amri ya systemd-analyze plot > kuwaka.svg, na kuuhifadhi pamoja na mafaili ya usanidi, ili siku huduma itakapochelewa pawepo mchoro wa kulinganisha nao.