Kiatu na Moyo wa Mkimbiaji

Leo tuzungumze habari ya viatu.

Alfajiri mnawaona barabarani watu wanaokimbia kwa kupenda tu: makarani, walimu, akina mama wenye maduka. Hawatafuti medali. Lakini wamesikia habari ya kiatu chenye soli nene na bamba la kaboni ndani yake, cha namna ile aliyovaa Eliud Kipchoge kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza zaidi ya kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Bei yake ni maelfu mengi ya shilingi. Basi mmoja husema moyoni, "Nikikipata kile, nami nitapaa." Mwenziwe asiye na pesa husema, "Bila kile, mimi ni wa nyuma tu."

Je, ni kiatu kinachokimbia, au ni kule kukiamini?

Tuseme kweli, kiatu chasaidia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza jinsi walivyowapima wanariadha 18 juu ya mashine ya kukimbilia. Katika kiatu cha namna hiyo walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 hivi kuliko katika viatu vingine vya mashindano. Mwendo ulishikwa na mashine, kwa hiyo imani haikuwa na nafasi kubwa. Lakini hao walikuwa watu wa mbio hasa. Majaribio ya baadaye kwa mwendo wa pole, ule wetu sisi, yalionyesha faida ndogo zaidi.

Barabarani hakuna mashine. Kila mtu hujichagulia mwendo, na hapo ndipo imani huingia. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya waendesha baiskeli walioambiwa kwamba watapewa kafeini, ile dawa iliyomo katika kahawa. Hawakupewa hata chembe! Walipodhani wamemeza nyingi, walikanyaga kwa nguvu zaidi kwa asilimia 3 hivi. Walipodhani hawakupewa, walilegea kuliko desturi yao.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua mimi. Kiatu kikimpa mtu moyo, vema, ijapokuwa mfuko utalia. Ila kijana tunayemwambia kila siku kuwa raba zake si kitu, tunamnyang'anya nguvu alizokuwa nazo. Tena maneno hayo hutoka vinywani mwetu sisi wazazi, mbele ya wenziwe, siku ya michezo shuleni.

Wala imani haimtengenezei mtu mapafu. Aliyelala miezi mitatu atahema tu, hata avae nini.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 kwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 alishinda tena kule Tokyo, safari hii amevaa viatu, akapunguza dakika 3 na sekunde 5. Vilimfaa, naam, lakini medali ya kwanza alikuwa nayo tayari.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.