Umepima, au umekisia?

Laptopu yangu ilizima usiku, na asubuhi haikuwaka. Kila nilipochomeka chaja, taa ya chaja yenyewe ilizima. Nikaipeleka kwenye duka moja lenye kiyoyozi. Kijana akabonyeza kitufe mara mbili, akatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa, kaka. Nunua nyingine tu."

Sikuwa na hela ya nyingine. Nikaenda Kariakoo kwa fundi mwenye meza barazani. Yeye aliuliza kwanza: taa ya chaja inazima ukichomeka? Nikasema ndiyo. "Basi kuna shoti," akasema, "chaja inajilinda."

Akafungua. Ncha nyeusi ya multimita kwenye graundi, nyekundu kwenye njia kuu, ile inayopokea volti 19 za chaja. Mita ikalia piii, haikunyamaza: shoti ipo.

Sasa ngoma ilikuwa kumpata mkosaji. Kwenye njia ile kuna kapasita tele, vidude vidogo kama punje za sukari, zote zimeshika njia upande mmoja na graundi upande wa pili. Moja ikipiga shoti, ukipima yoyote mita inalia. Fundi akapaka alkoholi ya kusafishia juu ya bodi mpaka ikang'aa. Akaleta umeme kutoka kwenye mashine yake, volti 1 tu, akaachia. Tukainama wote wawili. Pembeni ya tundu la chaji, kijisehemu cha upana wa kichwa cha kiberiti kikakauka kabla ya kwingine. Kapasita yenye shoti ndiyo inayopata moto.

Bloa ya hewa ya moto, kibano, ikatoka. Mita kimya. Laptopu ikawaka bila hata kuwekewa nyingine, maana zilizobaki zinaibebea kazi.

Sisemi kila mwenye bloa ni bingwa. Wapo wanaochoma bodi mpaka vipuri vya jirani vinahama. Wapo wanaosikia mita ikilia kwenye njia ya prosesa wakatangaza shoti, kumbe njia ile huwa na ukinzani mdogo mno hata prosesa ikiwa nzima. Na wapo bado wanaoshauri simu iliyolowa izikwe kwenye mchele. Mchele hauondoi chumvi iliyobaki kwenye bodi! Zima simu, usichomeke chaji, ikafunguliwe ioshwe siku hiyohiyo.

Lakini lawama kubwa naipeleka viwandani. Mchoro wa saketi, ambao ndio ramani ya fundi, watengenezaji wengi wanauficha. Apple ilipoanza kuwauzia Wamarekani vipuri na kuwapa vitabu vya matengenezo mwaka 2022, walipata skrini, betri na kamera. Mchoro wa bodi haukuwamo. Fundi wa barazani anategemea mafaili ya kuvuja, anayorushiwa na mwenzake kwenye simu. Halafu tunamwita wa kubahatisha.

Kwenye simu, na kwenye baadhi ya laptopu, picha za mtoto wako na namba za wateja wako zimo kwenye chipu iliyolehemewa kwenye bodi hiyohiyo unayoambiwa uitupe. Kwa hiyo, msikilizaji, ukiambiwa bodi imekufa, muulize fundi amepima njia gani na mita imesema nini. Akibabaika, chukua kifaa chako, mshukuru, nenda meza ya pili.