MWENYE NYUMBA MPYA NA AIJUE SHERIA

(Hotuba kwa wanachama wa Isaka)



Sote tunaona jinsi matofali yanavyochomwa hapa Isaka. Malori yanafuata mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo katika bandari kavu; na kazi ya reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, iliyoanza mwaka 2021, imeleta wageni. Mgeni anataka chumba. Basi mkulima aliyeuza pamba, au mama aliyeuza mpunga, anajenga vyumba vinne uani, na siku moja anaitwa mwenye nyumba. Si aibu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone, mgeni aangamie.

Tukumbuke tulikotoka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ya 1984 ikaweka mipaka ya kodi ya nyumba. Kisha mambo yakageuka: Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti ya uongozi, na sheria ile ya 1984 ikafutwa mwaka 2005. Leo kodi ya chumba wanapatana watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani kwa kuwa sheria ya kodi imekufa, basi sheria zote zimekufa. La, hasha!

Kwanza, ardhi. Kabla ya kupangisha, uwe na karatasi inayoonyesha kiwanja ni chako. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, iko hati ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Pili, mkataba. Uandikwe, utaje kodi, muda, na nani atatengeneza bati likivuja. Kila fedha inayopokewa itolewe stakabadhi.

Tatu, kodi ya Serikali. Mpangaji mwenye biashara hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Usimnunie, hakukuibia.

Nne, ugomvi. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufuli mpya mlangoni usiku si hukumu.

Jambo hili tunalijua kwa mwili wetu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulipanga chumba bila maandishi. Jioni moja ya masika tulirudi tukakuta godoro letu nje, limelowa, na ndani amekwisha kuingia mtu aliyetoa fedha zaidi. Kodi ya miezi miwili tuliyotanguliza ikapotea. Tungemshitaki kwa karatasi gani? Tulilala darasani.

Wakati ule tulimwita mwenye nyumba yule mnyonyaji. Leo baadhi yetu tuliomo humu ndio tulioshika ufunguo. Je, tutamdai dereva kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu tu hana pa kulala? Tutampandishia mama muuza chakula kila akipata wateja? Sheria ya kutuzuia kupandisha haipo tena. Iliyobaki ni ahadi tuliyoandika kwa mkono wetu, na macho ya jirani zetu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Mwanachama yeyote asipokee senti ya mpangaji kabla mkataba haujaandikwa nakala mbili na kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Asiyejua kusoma asomewe. Walimu tupo, na hatutaki malipo. Tuanze na vyumba vyetu wenyewe, ndipo tuwe na uso wa kumwambia jirani.